Denis Burkitt, daktari wa jicho moja, na askari wa mwili wanaopigana na kansa



Huku kwetu Salamabila, kama vile Kasongo na Kabambare yote, mtoto akivimba shavu wa kwanza kusema ni wale wa jino. Jino limeoza, wanasema, na wanatafuta majani ya kusukutua. Juma likipita na uvimbe ukaongezeka, wanaanza kusema wale wa pili: kuna mtu amemtupia mtoto kitu. Juma la tatu meno yanalegea, jicho linasukumwa nje, na baba anauza mbuzi ili amlipe mtu wa kuagua. Leo nawaandikia habari za mtu aliyeonyesha kwamba uvimbe wa namna hiyo, mara nyingine, una jina, una ramani, na una dawa ya hospitali. Alikuwa Mkristo wa Kiprotestanti, alifanya kazi Uganda miaka mingi, na jina lake limebaki kwenye ugonjwa wenyewe.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 karibu na mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James, alisimamia barabara na madaraja ya jimbo lao, na saa za kupumzika alikuwa akichunguza ndege. Aliwafunga pete miguuni na kuchora ramani kuonyesha kila ndege anaishi wapi na mpaka wake unaishia wapi. Majirani walimwona mtu wa ajabu kidogo. Lakini mtoto wake alikua akiona kwamba jambo likichorwa kwenye ramani linaanza kusema, na mtaona jinsi hilo lilivyomsaidia baadaye.

Denis alipokuwa na miaka 11, watoto wenzake walirusha mawe, jiwe likavunja miwani yake na kioo kikaingia ndani ya jicho la kulia. Jicho likapotea. Mwaka 1929 aliingia chuo cha Trinity mjini Dublin asome uinjinia kama baba yake. Hakuwa mwanafunzi wa kujivunia. Huko chuoni alikutana na kikundi kidogo cha wanafunzi waliokuwa wakikutana kuomba na kusoma Neno, akajitoa kwa Kristo, na akiwa katika hali hiyo akaacha uinjinia akaingia udaktari. Alihitimu mwaka 1935, na mwaka 1938 akapata cheti cha upasuaji Edinburgh.

Alitaka kuja kufanya kazi Afrika. Mwaka 1941 aliomba kazi katika serikali ya makoloni, akakataliwa kwa sababu ya jicho lake moja: walisema daktari wa upasuaji wa namna hiyo hafai. Ila vita vilikuwa vinawaka, na jeshi halikuchagua sana. Likamchukua. Akiwa daktari wa jeshi alifika Kenya, Somalia na Ceylon. Mwaka 1943 alimwoa Olive Rogers, muuguzi. Vita vilipoisha akaomba tena, na mwaka 1946 akapelekwa Lira, kaskazini mwa Uganda, kuwa daktari wa wilaya ya Lango.

Hapo Lira alifanya kazi ambayo wengi hawaisimulii. Aliona wanaume wengi wanakuja na mabusha. Badala ya kupasua tu na kuwaachia waende, alimwuliza kila mmoja ametoka kijiji gani, akaandika. Akagundua kwamba mashariki ya wilaya mabusha yalikuwa mengi sana, na magharibi yalikuwa haba. Wilaya ni moja, watu ni wale wale, lakini ugonjwa una upande wake. Mwana wa mchora ramani za ndege alikuwa ameanza kuchora ramani za magonjwa. Mwaka 1948 alihamishwa Kampala, hospitali ya Mulago.

Mwaka 1957 mwenzake Hugh Trowell, daktari ambaye baadaye alipewa daraja la kuhudumu katika kanisa la Anglikana, alimwita wodini amwone mtoto mdogo wa kiume. Mtoto alikuwa amevimba taya pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuwahi kuona kitu kama hicho. Jino bovu huvimbisha upande mmoja, na kansa ya mfupa huanza mahali pamoja. Hii ya pande nne ilikuwa nini? Majuma machache baadaye alikwenda hospitali ya Jinja, akachungulia dirishani, akaona kwenye majani nje mtoto mwingine mwenye uso ule ule. Alitoka mbio kumtafuta mama yake. Mmoja unaweza kusema ni ajali; wawili walimnyima usingizi. Mtoto wa Jinja alikuwa na uvimbe tumboni pia.

Akarudi Mulago kufungua madaftari ya zamani. Akakuta watoto wengi wa namna hiyo, wakiwa wameandikwa kila mmoja kwa jina tofauti la ugonjwa: huyu kansa ya taya, huyu ya figo, huyu ya jicho. Hakuna aliyeona kwamba ni kitu kimoja. Na haukuwa ugonjwa mpya. Katika hospitali ya misheni ya Mengo, iliyoanzishwa mwaka 1897, Albert Cook na wenzake walikuwa wameandika habari za uvimbe wa taya za watoto tangu siku za mwanzo. Mimi napenda kuwakumbuka hao waliojaza madaftari kwa kalamu ya wino bila kujua nani atayasoma. Mwaka 1958 Burkitt akachapisha habari hiyo katika gazeti la wapasuaji la Uingereza. Hawakuijali sana. Baadaye mtaalamu Greg O'Conor, aliyekuwa Kampala, akaangalia vipande chini ya darubini akaona kwamba si kansa ya mfupa hata kidogo. Ilikuwa limfoma, yaani kansa ya chembe nyeupe za damu.

Hapo tusimame kidogo. Chembe nyeupe ndizo askari wa mwili. Kuna zinazotengeneza silaha za kurusha, ziitwazo chembe B, na kuna zinazokwenda kupigana ana kwa ana, ziitwazo chembe T. Limfoma ya Burkitt ni chembe B iliyoasi. Sisi wa mashariki ya Kongo hatuhitaji kufafanuliwa sana maana ya askari aliyeacha kikosi na kubaki na bunduki.

Burkitt alitaka kujua ugonjwa unaishia wapi. Kwa msaada wa pauni chache alichapisha karatasi zenye picha, akatuma zaidi ya elfu moja kwa madaktari wa serikali na wa misheni katika Afrika yote, akiwauliza kama wamewaona watoto wa namna hiyo. Majibu yalipofika akayatia kwenye ramani. Ukatokea mkanda katikati ya Afrika, wenye mkia unaoshuka kusini hadi Msumbiji. Kisha Oktoba 1961 akaenda kutazama kwa macho. Alinunua gari kuukuu aina ya Ford, akaondoka Kampala pamoja na Ted Williams, daktari wa misheni wa hospitali ya Kuluva huko West Nile, na Cliff Nelson. Wote watatu walikuwa waumini. Walikwenda hadi Afrika Kusini na kurudi, majuma kumi, kilomita kama 16,000, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine, wakionyesha picha na kuuliza. Anayejua barabara zetu wakati wa mvua atajua safari hiyo ina uzito gani, hata kama wao hawakupita huku.

Jibu lilikuwa kwamba ugonjwa hauendi milimani. Karibu na ikweta haukuonekana juu ya mita 1,500 hivi. Ukienda kusini, kwenye baridi zaidi, mpaka wake unashuka chini. Nyanda za juu za Rwanda na Burundi zilikuwa karibu huru. Mahali pakavu pasipo na mvua ya kutosha, huru pia. Joto na mvua pamoja: ndiyo makao ya mbu. Ndugu, chukueni ramani hiyo muweke kidole juu ya kusini mwa Maniema. Nchi yetu ni ya chini, ni ya joto, ina mvua nyingi, na kila shimo lililoachwa na wachimba dhahabu hujaa maji ambamo mbu hutaga mayai. Tuko ndani ya mkanda wa Burkitt.

Kabla ya safari hiyo, Machi 1961, alikuwa ametoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex mjini London. Kati ya wasikilizaji alikuwako kijana Anthony Epstein, mchunguzi wa virusi. Alimsikia daktari asiyejulikana kutoka Uganda akieleza kansa inayofuata hali ya hewa, akajua papo hapo kwamba pengine kuna kijidudu ndani yake. Wakapatana. Vipande vya uvimbe vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Kwa muda mrefu Epstein hakupata kitu. Kisha Desemba 1963 ndege moja ilizuiwa na ukungu ikatua Manchester, na chupa ikafika London imechelewa, maji yake yamekuwa kama maziwa. Mtu mwingine angeitupa akidhani imeoza. Epstein alitazama akakuta chembe hai zinaelea, na kutoka kwa chembe za namna hiyo yeye, Bert Achong na Yvonne Barr waliona virusi, wakatangaza mwaka 1964. Virusi hivyo vinaitwa Epstein-Barr.

Lakini virusi hivyo haviletwi na mbu. Vinapita kwa mate, na karibu watoto wetu wote huvipata wakiwa bado wadogo sana. Basi kwa nini si wote wanaopata kansa? Hapa ndipo habari ya askari inapoingia, na naomba mnivumilie.

Karibu kila chembe ya mwili hubeba nje ya ukuta wake kitu kama karte. Ndani ya karte hiyo huweka vipande vidogo vya kila kinachotengenezwa ndani ya chembe. Chembe T zinapita mwilini kama askari kwenye bariere, zinasoma karte moja moja (bila kuomba pesa, tofauti na za barabarani). Zikiona kipande cha kawaida, zinaacha. Zikiona kipande cha virusi, au kipande cha kitu kilichoharibika ambacho mwili haujawahi kukitengeneza, zinaishambulia chembe hiyo: zinatoboa ukuta wake na kuipa amri ya kujiua. Hivyo ndivyo kinga inavyoitambua kansa. Kwa watoto walio wengi, chembe T huvilinda virusi vya Epstein-Barr maisha yote, vikibaki vimelala ndani ya chembe B chache.

Malaria, ile tunayoiita palu, huharibu ulinzi huo kwa njia mbili. Mtoto anayeugua palu kila mara, chembe B zake huchochewa zizaliane ovyo ovyo, na kila kuzaliana ni nafasi ya kukosea. Wakati huo huo chembe T zinazolinda virusi huchoka na kupungua nguvu. Kosa lenyewe lilionekana miaka ya baadaye: kipande cha kromosomu ya 8 kinakatika na kushikamana mahali pengine, mara nyingi kwenye kromosomu ya 14, na jini la kukuza chembe, liitwalo MYC, linawashwa na haliwezi kuzimwa tena. Chembe hiyo inazaliana kuliko karibu kansa zote za binadamu. Uvimbe unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili. Tena ni mjanja. Ndani yake virusi huzima karibu alama zote na kubakiza moja ambayo chembe T huiona kwa shida sana. Na chembe nyingine hupunguza hata karte zenyewe.

Burkitt alikutana na nguvu ya askari hao kwa njia ya umaskini. Uganda haikuwa na mashine za mionzi, na kupasua taya hakukuokoa mtoto. Kwa hiyo akajaribu dawa za kansa, ambazo zilikuwa changa: methotrexate, kisha cyclophosphamide na vincristine. Alizipata kidogo, akawapa watoto kidogo. Watoto wengine ambao wazazi wao walikuwa wamekata tamaa, uvimbe uliyeyuka ndani ya siku chache. Wengine walipewa dozi moja au mbili tu, wakarudishwa nyumbani kijijini, na walipotafutwa baadaye walikuwa wazima. Dozi ndogo hivyo haikutosha kuua kila chembe ya kansa. Nani alimaliza kazi? Burkitt alifikiri ni mwili wenyewe: dawa ilipunguza wingi wa adui hadi kinga ikapata nafasi ya kushinda. Mwaka 1967 aliandika hivyo wazi, akitaja pia uvimbe uliopungua kwa namna ambayo dawa peke yake haikuweza kueleza.

Nisiwadanganye. Wengi walikufa. Wengi walipata nafuu na ugonjwa ukarudi. Mtu asisome habari hii akadhani sindano moja inatosha, au maombi bila sindano. Siku hizi mtoto hupewa dawa kwa vipindi kadhaa hadi zimalizike, na mahali ambapo matibabu yanakamilika watoto walio wengi hupona. Ndiyo maana nasema kwa wazazi wa Salamabila na wa machimbo ya Namoya: uvimbe wa taya, wa jicho au wa tumbo unaokua haraka usingojwe. Msing'oe meno yanayolegea, msichanje. Kituo cha afya kiandike barua, mtoto aende hospitali kuu ya rufaa, na kama ni lazima aendelee mbele zaidi. Wachungaji, pesa ya pikipiki ya kwenda Kasongo ni kazi ya kanisa kabisa.

Mawazo ya Burkitt kuhusu kinga yalifuatwa na wengine. Huko Nairobi daktari Peter Clifford alikuwa akitibu watoto hao hao, na alituma damu na vipande kwa George na Eva Klein, mume na mke, Wayahudi waliookoka maangamizi ya Hungaria wakawa wanasayansi Stockholm. Waliona kwamba damu ya wagonjwa ina silaha zinazoshikamana na chembe za kansa yao. Yaani mwili ulikuwa umemtambua adui. Mwaka 1967 walifanikiwa kukuza katika chupa chembe za kansa za kijana mmoja wa Kenya. Chembe hizo zinajulikana dunia nzima kwa jina Daudi, na bado zinakua katika maabara nyingi hadi leo. Daudi ina jambo moja la kushangaza: haina karte kabisa juu ya ukuta wake. Chembe T zinapita bila kuona kitu. Lakini Mungu hakuacha mwili na aina moja ya mlinzi. Mwaka 1975 Eva Klein na wenzake walieleza chembe nyingine, ziitwazo wauaji wa asili, na baadaye ikajulikana kwamba hizo hufanya kinyume: zinamkamata hasa yule asiye na karte. Chembe inayomkwepa askari wa kwanza kwa kukosa karte inaweza kuangukia mikononi mwa wa pili.

Ujuzi huo ndio ulioendelea hadi dawa za leo zinazoondoa breki za chembe T ili zipigane na kansa, kazi iliyowapa James Allison na Tasuku Honjo tuzo ya Nobel mwaka 2018. Ni dawa za bei ya kutisha na hazijafika kwetu. Kwa limfoma ya Burkitt bado zile za zamani, za bei nafuu, ndizo zinazookoa.

Watu walijaribu pia kuthibitisha ramani. Huko West Nile, kati ya 1972 na 1974, watoto kama 42,000 walitolewa damu, wakafuatiliwa. Waliopata kansa baadaye walionekana walikuwa na dalili za virusi nyingi tangu mapema. North Mara nchini Tanzania, penye hospitali ya Wamenoni ya Shirati, watoto waligawiwa klorokwini kuanzia 1977 hadi 1982. Kansa ilipungua, ingawa ilikuwa imeanza kushuka hata kabla ya vidonge, kwa hiyo jaribio hilo halikufunga mjadala. Kwangu mimi mustikeri inabaki na sababu moja zaidi ya kutundikwa vizuri, badala ya kuvulia samaki.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966. Mwaka uliofuata, Mulago ikafungua kituo cha kutibu limfoma, ambacho ndicho kilichokua kikawa Taasisi ya Kansa ya Uganda. Yeye, Uingereza, akaingia katika jambo lingine akiwa na njia ile ile ya kuuliza hospitali za misheni kwa barua: kwa nini magonjwa fulani ya utumbo ni ya kawaida Ulaya na haba vijijini Afrika? Akajibu kwamba ni chakula, akahubiri kuhusu mahindi yasiyokobolewa, maharage na mboga hadi wazungu wakamcheka na kumpenda. Mwaka 1972 alipewa tuzo ya Lasker huko Marekani kwa kazi ya limfoma. Aliendelea kunena makanisani na kati ya madaktari Wakristo, akivaa nguo za kawaida, akisisitiza kwamba jina lake lilikuwa limewekwa kwenye kazi ya watu wengi. Alifariki tarehe 23 Machi 1993 mjini Gloucester, akiwa na miaka 82.